Niliwatuma Yokohama Kuangalia Maua

Eish, hasira bado zinanichoma. Sikusoma, lakini nauza spea za magari ya Kijapani hapa Johannesburg, na kanisani niliwaambia wote kwamba Yokohama naijua. Uongo! Makontena yangu tu ndiyo yaliyotoka huko.

Wachumba wawili Wakenya wa kanisani, wakazi wa mtaa wa Sandton, wakaniuliza waende wapi kuona maua ya cheri.

"Bustani ya bandarini, Oktoba," nikajibu kifua mbele. Si Oktoba ndipo miti yetu hapa inachanua? Mjinga mimi!

Wakaenda huko fungate. Jumapili wakapiga simu kusalimia kanisa, mchungaji akaiweka kwenye spika. Bibi harusi akafoka:

"Papa Kabongo, tuko bustanini, hakuna hata ua moja! Wenyeji wanatucheka, maua yaliisha Aprili. Kwani wewe ulifika huku lini?"