Mpiga Pasi Anayeogopa Kidonge cha Mgongo

Saa nne asubuhi, siku ambayo meza ya pili itabaki bila mtu, chumba cha pasi kimejaa mvuke na vicheko. Dada mtu, anayepiga pasi meza ya pili kando ya mdogo wake, anajishika kiuno. Tangu alfajiri amenyoosha mashuka themanini ya hoteli.

"Mgongo umenikamata," anasema.

"Sema uzee umekukamata," mfuaji wanayemwita Sabuni anamtania kutoka mlangoni. "Meza kidonge kimoja, kazi iendelee."

Vidonge viko dirishani, ndani ya mkebe wa biskuti. Wafanyakazi huvimimina humo bila maganda, vya kichwa na vya mgongo pamoja, na kila mtu huchota kwa kuangalia rangi. Dada anachota, anameza, anarudi kwenye pasi.

Nusu saa baadaye pua inamchuruzika na kifua kinapiga filimbi. Wote wanajua ana pumu, na wote wanamjua adui wake: mvuke. Wanafungua madirisha, wanamtoa uani, wanampepea kwa foronya. Anaposema kichwa kinamgonga, mdogo wake anakimbia kumletea kidonge kingine kutoka mkebe uleule.

"Nilimpa kwa mkono huu," anasema mdogo mtu leo, miaka miwili baadaye. "Akaniambia ahsante, mdogo wangu. Hakusema neno jingine."

Daktari ndiye aliyemweleza, maziko yakiwa yamekwisha. Baadhi ya wenye pumu hubanwa na kifua wanapomeza dawa fulani za maumivu. Si wote. Wanawake huonekana kupatwa zaidi kuliko wanaume, na huenda kuna kitu kinachorithiwa katika ukoo, ingawa wataalamu bado wanakitafuta.

Katika maelezo yote hayo, yeye alibaki na neno moja tu: ukoo.

Ana binti wa miaka kumi na mitano. Mwaka jana binti alianza kukohoa kila akikimbia, na zahanati ikaandika pumu. Kila mwezi, siku zake zikifika, hujikunja kitandani akilia kwa maumivu ya tumbo.

"Mama, wenzangu wote wanameza na wanakwenda shule."

"Wenzako hawakuzaliwa na mimi."

"Basi nife na tumbo?"

Mama huchemsha maji. Humwekea chupa ya maji ya moto tumboni, kisha hupekua mkoba wake wa shule, mifuko ya sketi, hata soksi. Akiwa kazini, simu ikilia huiacha pasi juu ya nguo. Tayari ameunguza mashati matatu ya wateja.

"Naogopa nikimnyima, ataomba kwa rafiki," anasema, sauti ikishuka. "Huyo rafiki atampa kwa mapenzi, kama nilivyompa dada."

Mwezi uliopita ndivyo ilivyotaka kuwa. Binti alirudi na kidonge kwenye karatasi ya daftari. Hakukimeza. Alikiweka mezani mbele ya mama yake na kusema, "Nimechoka kuogopa kitu ambacho hatujui kama kipo."

Kesho yake walikwenda wote wawili hospitali kubwa, na daktari akakubali kumpima. Atampa dawa hiyo ya maumivu kidogo kidogo, akimpima pumzi kila baada ya muda, oksijeni ikiwa kando ya kitanda. Mama hataruhusiwa kuingia.

Kipimo ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.