Sufuria ya Pili Niliyoificha Stoo

Aibu yangu naisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjasimuliwa na wengine wakaitia chumvi: niliwahi kumlisha mgeni wa serikali mahindi yasiyoiva mbele ya shule nzima, na mtoto aliyenifichua ni niliyemzaa mimi.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikipika katika shule moja ya msingi huku kwetu pwani, Ganda, na chakula chenyewe ni pure, yaani mahindi na maharagwe, kila siku ya Mungu, katika sufuria moja kubwa ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kusimama ndani yake akaoga. Nafaka ililetwa na mradi wa serikali wa chakula cha shule, maji na kuni walileta watoto, kila mmoja kijiti chake asubuhi. Na niacheni nijivune kidogo, maana nilijua kazi yangu. Kabla ya chakula kile watoto walikuwa wakienda kwao saa sita kwa miguu, wakifika wanakuta jiko baridi, basi wengi hawarudi, na waliobaki wanasinzia juu ya madawati mpaka kengele ya mwisho. Tulipoanza kupika, niliziona kwa macho yangu nywele za watoto zilizokuwa nyekundu kama kutu zikirudi kuwa nyeusi, na wasichana waliokuwa wakizuiliwa nyumbani kuteka maji nikaanza kuwaona kwenye foleni, sahani mkononi.

Sasa siku hiyo mwalimu mkuu, Mwalimu Karisa (mtu mpole, lakini akiwa na wasiwasi anajikuna shingo), akaja jikoni akaniambia, "Mama Mapenzi, kesho tuna mgeni kutoka mradi wa chakula. Shule nyingine ameziondoa kwenye orodha. Tafadhali, pika kama unavyopika siku zote."

Kama ninavyopika siku zote! Lau ningemsikiza. Lakini mimi usiku kucha nikawaza, mgeni mzima atoke mjini na gari lake aje apewe pure, tena kwa sahani ya bati? Nikaona haya. Asubuhi nikamchinja kuku wangu mwenyewe, tembe aliyenona, nikachukua mchele wangu na nazi zangu mbili, nikaenda navyo shuleni bila kumwambia mtu, nikainjika sufuria ya pili, ndogo, nyuma ya jiko.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuni kavu zote nikazipeleka kwa kuku, pure nikaiachia zile mbichi, zikawa zinatoa moshi tu na mimi sina habari, nakuna nazi, nakamua tui, naonja mchuzi nikijisifu. Wali ukaiva, ukanukia vizuri ajabu, nikauficha stoo chini ya gunia tupu. Kurudi kwenye pure, saa tano hiyo, nikatafuna punje moja. Jiwe! Nikachanganyikiwa. Nikakumbuka magadi, nikasema nitie kidogo mahindi yalainike haraka, na kwa pupa nikatia konzi zima, nikachochea moto kwa makuti makavu. Wenzangu, sufuria ile ilitoa povu kama la mwenye kufua mashuka, likapanda, likamwagika, likaniingia kwenye viatu, likazima moto wote. Na wakati huohuo nasikia gari linaingia uwanjani.

Mgeni mwenyewe ni mama, mrefu, mtu wa bara, hana makuu. Mwalimu Karisa alitaka kumpeleka ofisini akapumzike, naye akasema, "Hapana, mimi nitakula hii watoto wanakula." Akachukua sahani, akasimama kwenye foleni nyuma ya watoto. Ningefanyaje? Nikapakua huku naomba Mungu amletee simu ya haraka, na shule yenyewe haina simu.

Akatia kijiko mdomoni. *Kakara!* Uwanja mzima ukasikia. Akashika shavu, akatema punje kwenye kiganja, akaitazama. Mwalimu Karisa anajikuna shingo mpaka nikaogopa atajichubua. Hapo binti yangu Mapenzi, wa darasa la kwanza, ambaye kumbe aliniona nikiingia stoo, akapaza sauti yake nyembamba: "Mama, kwani ule wali wa kuku uliouficha stoo ni wa nani?"

Yule mama akageuka kunitazama. "Kwa hivyo hapa kuko chakula ya watoto na chakula ya wakubwa?"

Hapo nilisahau aibu, nikashikwa na hofu, kwa sababu nilijua anachofikiria, na nilijua watakaolala na njaa si mimi. Nikavua leso kichwani, nikajifuta povu, nikasema kweli yote mbele ya watu. "Kuku ni wangu, mchele ni wangu, mwalimu hajui lolote. Nilikuonea haya mgeni, nikakupikia wewe, nikawasahau wao. Kosa ni langu. Usiwaondolee watoto chakula."

Akawageukia watoto wa darasa la saba. "Hii chakula huwa ngumu hivi?" Wakajibu kwa pamoja, na sauti zile nazisikia hata leo, "Laaa! Ya Mama Mapenzi huwa laini!" Msichana mmoja, Kadzo, akasimama akasema kwamba yeye asingekuwa darasani mchana kama si pure ile. Nikalia, sifichi.

Mgeni akaamuru wali na kuku wapewe wadogo wa darasa la kwanza, tonge kwa tonge, akaingia madarasani na daftari la mahudhurio. Mimi nikaimwaga ile ya magadi, nikaanza upya, na kina mama wa jirani walioniona nimepiga magoti napuliza moto wakaja mbio na kuni kavu kutoka majumbani mwao. Saa tisa na nusu pure ikaiva. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekwenda nyumbani. Yule mama akala sahani mbili, kwa kijiko, kwa upande mmoja wa mdomo.

Alipoondoka, Mwalimu Karisa akanisomea alichoandika kwenye kitabu cha wageni: "Chakula kilichelewa. Watoto walikuwepo wote. Mpishi asibadilishwe."

Sikubadilishwa, miaka mingi, wala shule yetu haikuondolewa kwenye orodha. Na tangu siku ile, aje waziri, aje nani, mgeni wa shule kwangu hupanga foleni na kula wanachokula watoto, na haya sioni tena.