Hedifoni Zenye Matundu

Kuna siku moja ya kiangazi ambayo goti langu halijaisahau, mwanangu Akiru. Umeniuliza kama utoe bei ya mbuzi wawili kwa hedifoni mpya, basi nitakujibu kuanzia hapo.

Nilikuwa kijana, tunanywesha mifugo kwenye kisima tulichochimba katika mchanga wa laga, ule mto mkavu karibu na Kakuma. Unajua desturi yetu: aliye chini kisimani anaimba wimbo wa fahali wake, aliye juu anasikiliza. Wimbo ukikatika, mchanga umeshuka. Mimi nilikuwa chini. Juu alikaa Lokwang, mwana wa jirani, na jina lake silifichi, maana aliniacha huko. Alikuwa amevaa hedifoni zangu, zile nene za kuziba sikio, nilizonunua sokoni nikajiona mkubwa kuliko chifu. Nilimvisha mwenyewe, ili akanisifie kwa wasichana. Mama yangu, huyo nyanya yako, alipita na mbuzi akasema mlinzi wa kisima hazibi masikio. Tukamcheka.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine huambiwa hivyo kwa mfano tu. Langu lilivunjika kweli. Mchanga ulinifunika hadi kifuani nikiwa katikati ya wimbo. Nikaita, nikaita, na Lokwang hapo juu anatikisa kichwa na muziki wake. Aliyesikia ni mama, mbali kule kwa mbuzi. Kelele zangu, kifua kimebanwa na mchanga, hazikumfikia. Alisikia tu kwamba wimbo umekosa mwisho. Alikuja mbio akanichimbua kwa bakuli la mbao.

Miaka yote hii nimemlaumu Lokwang, na bado sijamaliza. Lakini mama, akinifunga vijiti gotini, aliniuliza kitu kimoja: "Lokwang alivaa. Nani alimvisha?"

Sasa hizi mpya unazozitaka. Nilishangaa, kitu kilichotobolewa kiuzwe ghali kuliko kizima? Shule niliacha darasa la tatu, lakini kuuliza hakuna karo. Jana nikapanda boda boda kutoka Kanamkemer mpaka mjini Lodwar, kwa Abdi wa duka la simu.

"Ejok, mzee," akanisalimu. "Hizi mgongo wake uko wazi. Sauti inapumua."

"Kwa hiyo nalipia matundu?"

"Matundu ni bure, mzee wangu. Unalipia hewa."

Nikavaa. Akaniwekea, kutoka simu yangu, ile kwaya ya Wasudani Kusini uliyoirekodi Kakuma. Mwanangu, hedifoni zako za sasa huwabana waimbaji wote kichwani kama watu waliofungiwa ndani ya tangi la maji. Hizi ziliwasimamisha uwanjani: akina mama kushoto, ngoma nyuma, na yule mzee wa sauti nzito peke yake pembeni. Na bado nilisikia pikipiki barabarani, na Abdi akimwamkia mteja. Nikazivua, nikachungulia kwenye wavu wa mgongoni mwake kama mtu anayewatafuta wale akina mama. Abdi naye alikuwa akiimba nao, maana zinavuja. Aliye kando yako anasikia kila kitu.

Kwa hiyo za zamani usiuze. Kwaya ikiimba mbele ya maikrofoni kule Kakuma, vaa za kuziba, la sivyo muziki utavuja urudi ndani ya rekodi. Lakini ukirudi nyumbani unakaa mchana kutwa kuzipanga hizo nyimbo, chumba kimoja na nyanya yako, ambaye hawezi tena kuinuka peke yake. Wiki iliyopita nilipoingia nilimkuta sakafuni, wewe umempa mgongo, unatikisa kichwa. Alisema alikuita. Uliona sikukugombeza. Ningekugombezaje? Hizo za kuziba nilikununulia mimi.

Masikio yaliyosikia wimbo wangu umekatika yamezeeka, na sauti ya nyanya yako imebaki nyembamba kama uzi. Leo wewe ndiye uliyekaa mdomoni mwa kisima. Nunua zenye matundu. Mbuzi mmoja nitatoa mimi, maana kosa hili ni langu mara ya pili.

Akuj, Mungu wetu, akupe kazi ya mikono yako na masikio yasiyofungwa. Na siku utakapokuwa chini wewe, akuwekee juu mtu anayesikiliza.