Mwezi Mayai Yalipozidi

Mwaka wa sita wa ndoa yetu ndio nilioanza kudungwa sindano za homoni. Kabla yake nilikuwa nimemeza vidonge kwa miezi kadhaa. Vilinitia joto la ghafla, jasho likanitoka mgongoni hali nimekaa ofisini nikipokea simu za watu wa bandarini, na mimba haikuingia. Daktari wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kliniki ghorofani karibu na maduka ya leso ya Biashara Street. Alisema vidonge vilikomaza yai, lakini viliufanya ukuta wa nyumba ya mtoto kuwa mwembamba, hivyo yai likija halina pa kushika.

"Sasa tutajaribu sindano," aliniambia. "Lakini nisikize vizuri. Dawa haiumbi yai. Mayai unayo tangu ulipokuwa tumboni mwa mamako. Dawa kazi yake ni kuyaamsha. Nikiamsha moja au mawili yakakomaa sawasawa, tumefaulu. Nikiyaamsha yote kwa pamoja, tumejitafutia balaa."

Mimi nilichosikia ni neno sindano tu. Nilikuwa nimechoka kuulizwa arusini na matangani kama bado.

Tulikuwa tukikaa Buxton, mimi na mume wangu, aliyekuwa karani wa reli. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa muuguzi, na kila jioni baada ya magharibi alipita kwetu kunidunga. Friji hatukuwa nayo. Dawa tuliziweka kwa jirani wa chini aliyewauzia watoto barafu za ukwaju. Yule mama alizificha nyuma ya jagi, zimefungwa gazeti, na hakuniuliza ni za nini.

Haukupita muda, sketi yangu ya kazini ikakataa kufunga. Mavyaa alikuja kutoka Mji wa Kale na kikapu cha mahamri, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Alhamdulillahi, mwanangu, waanza kunona!"

Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nahisi kama nimemeza mawe. Nikipanda ngazi, kitu kizito kilicheza kila upande wa kiuno.

Siku ya skani mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Daktari alipitisha kile chombo cha skani tumboni. Akakirudisha, akakibonyeza upande wa pili, akaanza kuhesabu kwa kidole. Mimi nikageuza shingo kuitazama ile runinga ndogo. Kila nikienda kwa skani nilikuwa nimezoea kuona doa moja jeusi, la mviringo. Safari hii madoa yalijaa yakasongamana kama punje za komamanga lililopasuliwa.

"Ni mayai hayo yote?" mume wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Ni vifuko vya mayai," daktari akasema. "Na ni vingi mno. Mwezi huu tunauacha."

"Tunauacha vipi? Mengi si ndiyo vizuri? Likikosa hili, litashika lile."

Daktari alizima mashine, akavuta kiti akaketi mbele yetu. "Bwana, mayai haya yamesukumwa yote mbio moja. Mawili matatu labda yamekomaa. Mengine bado machanga, na yai changa halitungi mimba ya kutegemea. Na hayo yaliyokomaa yakishika yote, mkeo atabeba watoto wangapi kwa mara moja? Lakini hata hilo silo linalonitisha. Nikimdunga sindano ya mwisho, ile ya kuyafungua mayai, vifuko vitavimba zaidi. Maji yatatoka kwenye damu yajae tumboni, yapande mpaka kifuani. Niliwahi kumuuguza mwanamke aliyepatwa na hayo. Hakurudi kwake."

Akatuagiza pia tusikutane kimwili mpaka hedhi yangu ije.

Tulirudi nyumbani. Tatizo ni kwamba ile sindano ya mwisho tulikuwa nayo tayari, imo nyuma ya jagi la ukwaju. Tulipofika, mume wangu hakupanda juu. Alibisha kwa jirani, akaja na dawa mkononi, bado imefungwa gazeti.

"Madaktari waoga hawa," alisema. "Miaka sita! Leo Mungu ametupa mengi, tuambiwe tuyaache? Dada akija atadunga, basi."

Ningependa kusema kwamba nilikuwa na hakika amekosea, lakini sikuwa nayo. Kila nikifumba macho niliyaona yale madoa, na katika kila doa niliona mtoto. Nilikwenda kitandani nikalala ubavu, kwa sababu chali pumzi ilikuwa haifiki mwisho.

Wifi aliingia na mkoba wake. Mume wangu alimpa ile dawa, naye hakuwa na sababu ya kushuku. Aliivunja chupa, akaivuta dawa kwenye bomba, akaniambia nigeuke. Alipoweka mkono kiunoni pangu akasita.

"Mbona tumbo limekaza hivi? Umekula nini?"

"Sijala kitu tangu asubuhi."

"Na daktari amesemaje leo?"

Mume wangu alijishughulisha kukunja lile gazeti. Wifi aliinua kichwa akamtazama nduguye.

"Nimeuliza, daktari amesemaje?"

"Amesema tungoje," mume wangu alisema.

"Kwa nini?"

Hapo mimi nikamweleza yote, hata habari ya yule mwanamke ambaye hakurudi kwake. Wifi alisikiliza bila kuliweka bomba chini.

"Dada, dunga!" mume wangu alisema. "Nakuomba. Hatutapata tena nafasi kama hii."

"Simdungi kwa kauli yako wewe." Akanigeukia. "Tumbo lako hili. Wewe wasemaje?"

Nilitaka mtu mwingine aseme kwa niaba yangu. Nilikaa kitako kwa shida, nikapeleka mkono tumboni, ngozi ilikuwa imevutika kama ya ngoma.

"Sitaki," nilisema. "Nataka kuishi."

Mume wangu alitoka, mlango ukajibamiza nyuma yake. Wifi alimwaga dawa kwenye sinki, akafungua maji.

Hofu haikuishia hapo. Tumbo liliendelea kujaa hata bila ile sindano. Nililala nimeketi, mito mgongoni. Kila asubuhi wifi alinipima kiuno kwa futi ya cherehani, akaniuliza kama nakojoa vizuri, akaniambia nikibanwa kifua nisingoje mtu, niende hospitali. Mume wangu alikuwa amerudi. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda akisikiliza ninavyopumua, na nikikohoa tu anasimama.

Kisha hedhi ikaja. Kwa miaka sita nilikuwa nimeilaani kila ilipotokea. Asubuhi ile niliiona, nikakaa chini chooni nikalia kwa furaha, na kwa msiba pia. Uvimbe ukaanza kushuka.

Daktari alinipumzisha miezi kadhaa, kisha akaanza upya kwa dawa kidogo sana. Vilikuja vifuko viwili tu, vikubwa, vya mviringo. Mimba ikaingia, ikatoka ikiwa changa. Nilimuuliza kama ni dawa iliyoliharibu yai.

"Sijui," alisema. "Huenda yai lenyewe lilikuwa na kasoro yake. Ninaweza kulikomaza. Kulitazama ndani siwezi."

Tulijaribu tena mwaka uliofuata, safari hii kwa kifuko kimoja. Binti yetu alizaliwa mvua za masika zikinyesha, kwa upasuaji. Wifi ndiye aliyempokea nje ya chumba, akamtia mikononi mwa babake. Nilipozinduka nilimkuta mume wangu kasimama dirishani, viwiko kavipanua, hajui mtoto amshike vipi.

"Ni mmoja tu," aliniambia, macho yamemlowa, "na huyu mwenyewe siwezi kumbeba."