Amana Kumi na Moja Zisizo na Alama

Mume wangu alizikwa baada ya Alasiri, na kaka yake mkubwa akasimama mbele ya watu akatangaza kama inavyotangazwa kwetu: ikiwa marehemu alikuwa na amana ya mtu, mwenyewe ajitokeze kwa familia apewe haki yake. Hayo nilisimuliwa, kwani sisi wanawake makaburini hatuendi. Nilikuwa chumbani kwangu Nguvumali, nimeshaanza eda, miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani. Niliposikia neno amana nilishtuka. Amana zilikuwepo. Zilikuwa kumi na moja, dukani kwake Chumbageni, ndani ya kopo la biskuti.

Alikuwa fundi wa kompyuta, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ram. Ram ni kile kibao chembamba cha kijani chenye chipu nyeusi. Kompyuta ikiwa nacho kidogo inaganda, na kikiharibika haiwaki kabisa. Kila kibao kina ukubwa wake: jibii mbili, nne, nane. Mafundi wengine huletewa kompyuta dukani, yeye aliifuata ilipo. Anakwenda na mkoba wake, anachomoa ile ram anayoitilia shaka, anaondoka nayo kwenda kuipima kutwa nzima. Ndiyo maana vibao vya watu vilikuwa kwake na kompyuta zao ziko makwao.

Stika za kiwandani hakuziamini hata kidogo. Alisema ram za mtumba zinabadilishwa stika kama mtu anavyobadilisha kanzu, imeandikwa nane na ndani ni nne. Basi kila ram aliyoichukua aliibandua stika yake, akaipima mwenyewe, halafu akakata kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, akakibandika, akaandika kwa kalamu ya wino: jina la mwenyewe na ukubwa. Nilimcheka sana kwa hilo. Nilimwambia ram zako zina vidonda.

Presha ndiyo iliyomchukua. Aliamka mzima, akaanguka bafuni.

Siku ya tatu, hitima ilipokuwa inasomwa nyumbani, wifi yangu alikwenda kulisafisha duka. Huyu ni dada yake wa kufuatana naye, anakaa Ushongo, na huko akifa mtu kila alichokishika kinaoshwa: nguo, sahani, mswaki unatupwa, viatu vinapigwa brashi. Alifagia, akafuta rafu, kisha akalifungua lile kopo. Akaona vibao vimebandikwa plasta zilizochakaa, akadhani ni uchafu. Akachukua spiriti ya kaka yake na kitambaa, akabandua moja moja, akasugua mpaka gundi ikatoka. Zote kumi na moja. Alirudi nazo nyumbani zinang'aa, akanionyesha kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana.

"Plasta ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zipi? Zile chafu? Nimezichoma na takataka."

Mwe! Nilimwambia maneno siku ile, na mengine sitayaandika. Nilimwambia amemuua kaka yake mara ya pili. Nilimwambia hao wanaomsomea huko sebuleni wanajisumbua bure, maana amana za watu zimemganda shingoni na aliyezigandisha ni dada yake. Alikaa kwenye mkeka, ile khanga ameijaza mdomoni, akasema tu, "Sikutaka watu waje waseme kaka yangu alikuwa mchafu."

Sikumwonea huruma. Na nitasema ukweli, haikuwa amana peke yake. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu. Mwandiko wa wiki yake ya mwisho, majina kumi na moja kwa mkono wake, na umechomwa jalalani.

Siku mbili hatukusemeshana. Ya tatu wenye amana wakaanza kuja, na ikabidi. Mimi siwezi kutoka barazani kukaa na wanaume, na yeye hajui ram wala kijiko. Basi tukagawana: yeye awe miguu na mdomo, mimi niwe macho. Alikwenda dukani kwa bajaji akaileta mashine ya kaka yake ya kupimia, kompyuta ya mezani iliyovuliwa ganda, nyaya nje, ameipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Mimi nilijua nusunusu. Mchana nilikuwa nakaa na mume wangu dukani, napokea watu akienda kuswali, na yale aliyokuwa akiyasema peke yake akifanya kazi yaliniingia kidogo. Nilijua zile fupi ni za laptop na ndefu ni za kompyuta ya mezani. Nilijua kuhesabu chipu. Mtu wa kwanza akasema yake ni fupi, jibii nane. Nikatafuta fupi yenye chipu nyingi, nikaiona moja ina nane mbele na nane nyuma, nikasema hii hapa, kubwa kuliko zote. Wifi akaipeleka.

Kesho yake yule bwana akarudi. Nilimsikia barazani akimwambia wifi kwa upole, "Mwambie hii si yangu, nimeichomeka inasoma nne."

Nilitahayari! Chipu kumi na sita na jibii nne tu! Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu akisema idadi ya chipu haina maana, maana ziko chipu ndogo za zamani zinajazana kumi na sita na hazifiki popote, na ziko nane za kisasa zinazipita. Nikaacha kukisia. Kila ram niliipiga picha kwa simu, nikaikuza mpaka zile herufi za kijivu juu ya chipu zikasomeka, nikazitafuta mtandaoni. Kisha sikuamini hata hilo. Nikaipima. Ndefu nilizichomeka kwenye mashine yake, fupi kwenye laptop yangu. Unasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya shule, unaichomeka, unaikandamiza mpaka ilie tak, unawasha, unasubiri. Ikiwa haikukaa vizuri mashine inalia pi, pi, pi. Ikikaa, kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe, na namba iko pale.

Wifi alikuwa akikaa nyuma yangu. Namba ikitokea anaisoma kwa sauti, "Nane!" halafu anakwenda barazani kuuliza mwenye fupi ya nane ni nani. Siku ya tano ya kazi hiyo nikajikuta nimemmiminia chai bila kukumbuka kwamba nimemnunia.

Walioniudhi ni watu wema. Mtu anafika, anapewa pole, anaambiwa subiri inapimwa, basi anasema, "Aa, mwambieni mjane asihangaike, mimi nimemsamehe." Nilimtuma wifi kila mara na jibu moja: msamaha wako tunaushukuru, ukae, uchukue kitu chako. Sikutaka mume wangu asamehewe kama mtu aliyekula cha wenziwe. Nilitaka kila mmoja aondoke na kibao chake mkononi, ukubwa ule ule aliomwachia. Wakaondoka nacho mmoja mmoja, na kila mmoja akiondoka nilikuwa nasema alhamdulillahi, kisha nazihesabu tena zilizobaki.

Ikabaki ram moja na mtu mmoja. Mama mtu mzima wa Chumbageni, mwenye steshenari karibu na shule. Huyu niliweza kuonana naye, akaingia mpaka chumbani, nikampa shikamoo. Akasema yake ni ndefu, jibii nne, na bila hiyo kompyuta yake haiwaki, kazi zote zimesimama. Ilikuwa Jumanne. Tayari nilikuwa nimeipima asubuhi ile. Ilisoma nne. Wifi mwenyewe aliisoma, akapiga kigelegele kidogo akakikatisha, akakumbuka kwamba nyumba ina msiba.

Nikafungua mdomo nimwambie hii hapa, ikatoka, "Bado sijaujua ukubwa wake, mama. Pita kesho."

Akapita kesho. Nikamwambia umeme ulikatika. Alhamisi nikamwambia inasoma halafu inazima, naiangalia zaidi. Uongo mtupu, na mimi nimekaa eda na msahafu uko kichwani mwa kitanda. Ram yenyewe ilikuwa chini ya mto. Wifi alikuwa akinitazama kila mara.

Jumamosi yule mama alikuja hakukaa hata kitako. "Mwanangu, usijiumize," akasema. "Mimi nimemsamehe mume wako, hapa na mbele ya Mungu. Nitatafuta nyingine. Hiyo ikipona mpe mwenye shida."

Neno lile lile nililowakatalia watu wote. Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Wallahi nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikasema moyoni basi imebaki, haiondoki tena. Yule mama ameshafika mlangoni anatafuta viatu vyake, na wifi amesimama pembeni mwa mlango ananitazama kwa yale macho yanayofanana na ya kaka yake.

Nikainua mto. "Mama, rudi. Hii hapa. Ni nne. Nimejua tangu Jumanne."

Aliipokea akaigeuzageuza. Hakukasirika, alishangaa tu. "Sasa mwanangu, mbona umenizungusha siku zote hizi, na kazi zangu zimelala?"

"Kwa sababu ndiyo ya mwisho," nikamwambia. "Nikikupa hii, hana tena kazi ya kufanya."

Ndipo nikalia. Siku ya maiti nilitoa machozi kwa sababu watu wote walikuwa wanalia. Siku hii nililia kwa sauti mpaka jirani akaja dirishani kuuliza kuna nini tena. Yule mama alivua buibui lake akakaa kitandani akanishika. Wifi alizunguka nyuma yetu taratibu, akachomoa waya wa ile mashine ukutani.