Malkia wa Bibi Aliyebaki Angani

Sisi tuliokulia Majimoto enzi za kuwinga ndege aina ya kwelea kwenye mpunga tulikuwa na riwaya zetu, ila hazikuandikwa. Yangu ilikuwa bibi yangu, mama wa baba, amekaa juu ya dungu la miti, mkono mmoja kwenye kamba ya makopo ya kuwatishia ndege, mwingine kwenye bakuli la michembe ya viazi na karanga.

Hadithi ilikwenda vipande vipande. Ndege wakitua, tunavuta kamba na kupiga kelele mpaka koo linakauka. Wakiondoka, Bibi anaendelea pale pale alipoachia. Msimu mzima, hadithi moja. Nilipokuwa darasa la tano ilimhusu malkia wa mizimu aliyeishi chini ya chemchemi ya maji ya moto. Mvuke tuliouona asubuhi, alisema Bibi, ni moshi wa karakana yake: anafua chuma, anaunda chombo cha kumpeleka mwezini. Akakiunda, akapaa, na huko juu redio yake ikazimika.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwalimu alikuwa ametufundisha joto la ardhini, nami nikataka binamu zangu tuliokuwa tukiwinga nao wajue kwamba najua.

"Bibi, huo uongo. Mizimu haijui mashine. Kama ni sayansi, iwe sayansi."

Hakukasirika, na bora angekasirika. Akanitazama, akasema, "Nyie wa shule mnajua. Haya, malizia wewe."

Nikacheka. Ndege wakaja, tukavuta kamba, na walipoondoka Bibi akanyamaza. Tuliwinga hivyo hivyo mpaka mavuno. Kabla ya msimu mwingine alifariki.

Sasa naishi Mpanda mjini. Binti yangu Neema anasoma riwaya kwenye simu, kazi yote inafanywa na kidole kimoja. Kuwinga ndege nusu saa angezimia. Juzi alinisomea moja ambayo mizimu inaendesha vyombo vya angani. "Mama, huu ni mtindo mpya kabisa," akaniambia, kana kwamba sisi tulizaliwa kabla ya mwezi. Nikamsimulia ya Bibi. Akaweka simu chini, jambo ambalo hata chakula hakijawahi kuliweza.

"Halafu, Mama? Alirudi?"

Nimejaribu kuimalizia mara tatu. Kila nikianza, nasikia mwenyewe kuwa ni uongo. Watoto wa leo wana hadithi kamili mfukoni, mradi betri ipo. Mimi nilikuwa na mtu aliyejua mwisho, nikamnyamazisha. Malkia bado yuko huko juu na redio yake iliyozimika, anasubiri nimwache Bibi aendelee.