Medali ya Aliyeitika

Medali ya babu yangu inakaa kwangu hapa mtaa wa Panda, kabatini, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Medali ni ya kweli. Chifu ndiye aliyekuwa wa uongo.

Enzi za Wabelgiji, sheria ilimtambua kama chifu yule tu aliyevishwa medali na serikali. Kodi ikipungua, au watu wa kulima barabara wakikosekana, fimbo zilikuwa zake. Kwa hiyo mzungu wa serikali alipofika kijijini kwetu, karibu na Mwadingusha, akauliza chifu ni nani, wazee walinyamaza wote ili kumficha chifu wao. Babu alikuwa ametoka kufanya kazi mgodini. Huko mzungu alisoma majina kila asubuhi, na asiyeitika kwa Kifaransa kwamba yupo alikiona cha mtema kuni. Kimya kilipozidi, mdomo ukamponyoka: "Présent!"

Akavishwa palepale. Tangu siku hiyo alikula fimbo za mwenzake, na chifu wa kweli alimnong'oneza hukumu za kesi kutoka nyuma. Nampenda babu kwa hilo, pamoja na kiherehere chake.

Mwaka huu baba mdogo alikuja kuidai medali. Chifu wa sasa amezeeka, na baba mdogo anakitaka kiti.

"Mwenye médaille njo chefu," aliniambia, akiitaja sheria ya Wabelgiji. "Loi ilisema vile."

"Ile loi ilikuwa ya bazungu, papa."

"Na fimbo? Nkambo njo alipigwaka."

Hapo alinibana, maana ni kweli babu ndiye aliyepigwa. Lakini akiifikisha medali ofisi ya serikali, kijiji kitagawanyika, na mama yangu analima mihogo hukohuko. Niliogopa. Nikamwambia nitampa, ila mbele ya chifu mwenyewe.

Tulikwenda Jumamosi. Watu walikusanyika, nami nikamkabidhi baba mdogo kopo. Chifu akaomba aione medali, akaipangusa kwa shati lake, akacheka.

"Nkambo yenu alikulaka fimbo ya baba yangu," alisema. "Hatuyasahau. Njo maana mama yako analima kule pa muto, kwenye udongo muzuri, na hakuna mutu anamuuliza."

Moyo wangu ukatulia. Akamrudishia baba mdogo medali, kisha akawageukia watu.

"Sasa, chefu wa hapa ni nani?"

Watu wote walinyamaza, kama wazee wa siku ile ya mzungu. Nikamtazama baba mdogo, mtu asiyeishiwa maneno. Alifungua mdomo, akaufunga, akairudisha medali ndani ya kopo, akanyamaza pamoja nao.